Kibiriti, Punda Asiyejua Kurudi Nyumbani

Mokowe, Jumamosi, mwezi wa Rajabu. Kaskazi inavuma tangu alfajiri, jua halina huruma, na mikono yangu inanuka oili ingawa nimeiosha mara tatu. Nina furaha mpaka chakula cha jioni nimekila nimesimama.

Kibiriti kimewaka.

Naandika tena, nisije nikaamka kesho nikadhani niliota. Kibiriti kimewaka, kimekwenda Witu, na kimerudi.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: Kibiriti ni kigari changu kikuukuu, kile cha mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, nilichokinunua mwaka niliohamishiwa shule ya huku bara. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Amu, na kwetu kisiwani mtu hukua bila kujua gari ni mnyama gani. Kule ni miguu, punda na boti. Mume wangu Athman, nahodha wa boti ya abiria kati ya Mokowe na Amu, hakukipenda tangu siku ya kwanza. Alikizunguka, akagonga bati kwa kidole, akasema, "Huyu ni punda asiyejua kurudi nyumbani."

Kwetu punda akishushwa mzigo hurudi kwao peke yake, wala hakosei mlango. Kibiriti kikikwama kinakaa papo hapo mpaka mkakifuate. Neno hilo la punda nimelisikia miaka tisa. Miezi minne iliyopita injini iligonga mara tatu karibu na mji mdogo wa Hindi, njia ya Witu, ikanyamaza, na siku hiyo Athman hakusema kitu. Alinitazama tu. Afadhali angesema.

Ningekiacha kioze pale uani kama si Mama.

Mama anaishi nasi tangu avunjike nyonga. Ngazi ya basi haiwezi, na bodaboda usimtajie. Kiti cha Kibiriti kiko chini; yeye hukaa kwanza, kisha namwingizia miguu mmoja mmoja. Kila mwezi nilikuwa nampeleka Witu kwa dada yake mkubwa, Bi. Esha. Gari lilipokufa walibaki na simu, na simu haina adabu. Mwezi uliopita Bi. Esha alimwambia kwamba mtu mzima kukaa kwa mkwe ni aibu, ni ugeni usiokwisha. Mama akamkatia simu katikati ya maneno. Hawajasemezana tena.

Kisha tukasikia Bi. Esha amepata safari ya umra, anaondoka Witu Jumapili. Yaani kesho.

Kwetu mtu haendi Makka bila kuombana radhi na watu wake, mikono ikishikana. Mama ndiye mdogo, kwa hiyo ndiye wa kwenda. Nikamwambia nitakodi gari. Akanijibu, "Niende kulia kwa dadangu, na dereva wa watu yuko nje anipigia honi?" Nikajua hapo hapana mjadala. Ndipo nikafungua kinywa changu hiki kikubwa nikamwambia nitakitia Kibiriti injini nyingine, na atafika Witu kabla dada yake hajaondoka.

Naungama: siku hiyo sikujua hata injini inatolewa kwa juu au kwa chini.

Nilikuwa nimeshabadilisha plagi, oili, mikanda na breki. Basi nikajiona fundi. Fundi wa kweli wa hapa Mokowe alikuwa na malori hadi mwisho wa mwezi. Injini ya mtumba, ya aina ileile, ilikuja na basi kutoka Mombasa, imefungwa magunia kama mbuzi wa harusi. Shule zilikuwa zimefungwa. Nikafunika sakafu ya uani kwa turubai, nikaweka simu yenye video juu ya ndoo, nikaanza kufungua. Kila nati ilikwenda kwenye kikombe chake cha kahawa na karatasi yenye jina. Kila waya niliufunga kitambaa cha leso kuukuu, mwekundu kwa mwekundu, manjano kwa manjano. Mama alikaa barazani na tasbihi yake, akinionya kila dakika kumi kwamba nitabakiwa na kipande.

Jumamosi iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya kuitoa injini iliyokufa. Athman aliniletea watu sita wanaovuta vyombo vya bahari ufukweni vinapotaka kupakwa rangi, na mkubwa wao, Bwana Omari, ndiye mwenye sauti ya kuongoza wimbo. Walisimamisha boriti tatu juu ya boneti, wakazifunga vichwa, wakaning'iniza kapi mbili za mashua na kamba nene kama mkono wangu. Kazi safi. Nikakagua vikombe vyangu, nikaona vyote vimejaa, nikawaambia wavute.

Wasichonieleza, na mimi sikuuliza, ni kwamba hawa watu hawakatizi. Chombo kikianza kupanda ufukweni, kamba hailegezwi mpaka ubeti uishe, maana chombo kikirudi nyuma kinaweza kuua mtu. Bwana Omari akaita, wakaitikia, kamba ikakaza, injini ikatikisika. Wakaitikia tena. Ndipo nikaona magurudumu ya mbele ya Kibiriti yanaondoka chini.

Nikapiga kelele wasimame. Hawakusimama.

Ubeti ulikuwa mrefu.

Ulipokwisha, Kibiriti kilikuwa kimesimama kwa miguu ya nyuma, pua yake imefika dirishani kwa Mama, taa zote mbili zinamwangalia. Mama akasoma kila dua aijuayo. Wakakishusha taratibu, wala hakikupata hata mkwaruzo, lakini mimi nilikuwa nimeshawaka. Nikamgeukia Bwana Omari mbele ya vijana wake nikamuuliza anavuta gari au anavuta meli, na kama masikio yake ameyaacha pwani. Mtu anayenizidi miaka ishirini. Alifuta mikono, akainama chini ya gari, akanionyesha kwa kidole.

Bolti moja ya mauntini, vile vikalio vinavyoishika injini, nyuma ya giaboksi, ilikuwa bado imekaza. Sikuwahi kuigusa. Haikuwa na kikombe kwa sababu sikujua kama ipo.

Niliifungua kimyakimya, wakavuta ubeti wa pili, injini ikatoka kama jino bovu. Wakaenda zao. Mama aliningoja ninawe mikono ndipo akasema, kwa upole kabisa, "Wataka kunipeleka kwa dadangu kuomba radhi. Na wewe wako utamwendea lini?" Sikulala vizuri. Asubuhi nikakaanga kaimati sahani nzima, nikazipeleka mwenyewe pwani, nikamwomba Bwana Omari radhi mbele ya vijana walewale. Alichukua moja, akaitafuna mpaka mwisho. "Mwalimu, sisi tukianza hatukatiki," akasema. "Siku nyingine tuambie, tutaanza na ubeti mfupi." Jumatano walikuja tena kuishusha injini mpya, na ubeti ulikuwa mfupi kweli. Alichekea ndevuni muda wote.

Jana baada ya sala ya Ijumaa nikaunganisha kila kitu, nikatia oili, nikajaza rejeta. Athman aliniuliza kwa nini naisumbua na maji ya dukani, mashini yake yeye, ile ya boti, hujinywea bahari. Nikazungusha ufunguo.

Tik.

Basi. Tik, na kimya. Betri nzima, taa zinawaka, stata nimeitoa na kuirudisha mara mbili. Tik. Nilikaa ndani ya gari, vioo vimefungwa, nikalia kama mtoto aliyefeli mtihani. Nilipotoka, Mama alikuwa amelikunja buibui lake jipya alilopigia pasi kwa safari na alikuwa analirudisha sandukuni. Hakuninung'unikia. Alisema tu kwamba huenda Mwenyezi Mungu hakuandika. Kuliona lile buibui likiingia sandukuni kuliniuma kuliko kitu chochote mwaka huu.

Leo asubuhi, kabla ya safari yake ya kwanza, Athman akaja uani na kikombe cha kahawa mkononi. Akainamia boneti akatazama kwa muda, nami nikajiandaa kusikia habari za punda.

"Moto waingia kwa waya huu," akasema, akigusa ule mnene wa stata. "Ndia yake ya kurudi i wapi?"

Nikamjibu kwa sauti yangu ya darasani, ile ambayo hata mimi siipendi. Nikamwambia gari si mashua ya mbao. Kwenye mashua kila waya wa kwenda lazima uwe na wa kurudi, kwenye gari bati lenyewe ndilo njia ya kurudi. Hakukasirika. Akanywa kahawa kidogo, akauliza, "Na mashini imeshikana na bati wapi? Mimi naona yakalia mipira mitupu."

Nikatazama. Kweli, mauntini zote ni mpira. Injini yangu mpya ilikuwa imekaa ndani ya gari bila kushikana nalo, na moto wa betri ulikuwa unaingia hauna pa kutokea. Kuna waya mmoja mfupi, bapa, unaofunga injini na bati. Nikaingia ndani mbio. Ulikuwa dirishani nyuma ya pazia, ndani ya kikombe chake, na jina lake limeandikwa kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni.

Mama alikuwa amesema nitabakiwa na kipande.

Nati mbili tu. Nikazungusha ufunguo na Kibiriti kikakohoa, kikatoa moshi mweupe uliowakimbiza kuku wa jirani, kisha kikatulia na kuanza kuunguruma polepole. Athman akaweka kiganja kwenye boneti, kama anavyoiwekea mashini yake kila asubuhi. "Yasema," akasema. Nikamkumbatia na oili yangu yote, kanzu yake nyeupe ikaharibika, abiria wakamngoja jetini robo saa nzima. Barazani Mama hakuonekana. Alikuwa ameshaingia kulitoa buibui sandukuni.

Njia nzima ya Witu sikuvuka hamsini. Malori yalitupita, bodaboda zilitupita, na nadhani na ng'ombe mmoja. Mama alishika mshikio wa mlango kwa mikono miwili, akiniuliza kila baada ya daraja ile sauti ni ya nini. Nikimwambia ni upepo, anasema alhamdulillahi.

Tulipofika kwa Bi. Esha sikuzima gari. Niseme ukweli, niliogopa. Nilifikiri nikilizima halitawaka, na Athman atatukuta Witu na punda wetu. Nikavuta breki ya mkono, nikashuka kumtoa Mama, lakini Bi. Esha alikuwa ameshatoka na fimbo yake. Hakunipa hata nafasi ya kumwamkia. Alipita mbele ya gari, akakaa kwenye kiti changu, nyuma ya usukani, akafunga mlango. Wakawa wamekaa bega kwa bega, wote wawili wanatazama mbele, hakuna anayeanza.

Kisha Bi. Esha akajigeuza, mguu ukakanyaga mafuta, Kibiriti kikanguruma kama basi la Mombasa. Wakapiga ukelele mmoja, wakashikana. Nilipochungulia walikuwa wanacheka, machozi yanawatoka, mikono yao imeshikana juu ya gia.

"Zima hiki kitu, mwanangu, tusikizane," Bi. Esha akaniambia.

Nikapitisha mkono dirishani. Nilisoma Bismillahi, nikakizima. Kimya cha ajabu. Nikasikia Mama akisema, "Niwie radhi, dadangu, nilikukatia simu." Na Bi. Esha, "Mimi ndiye wa kuomba. Nilisema neno la mkweo nisilolijua. Nani aliyekutengenezea gari?" Mama akaliweka sawa buibui lake. "Mwanangu," akasema. "Na mkwe wangu." Nikajifanya nakagua gurudumu la nyuma, kwa sababu uso wangu haukuwa wa kutazamwa na watu.

Walikaa mle ndani mpaka adhuhuri. Chai waliletewa kwa dirisha. Wakati wa kuondoka ulipofika nilikaa, nikashika ufunguo, na Bi. Esha akaweka mkono juu ya paa la gari na kuliombea dua kabisa, kwa jina lake la Kibiriti. Kiliwaka mara ya kwanza.

Tumefika nyumbani alasiri. Athman alikuwa amekaa barazani, anatazama angani kama mtu asiyemngoja mtu yeyote. Ndani ya geti, palepale uani Kibiriti kinapolala, nilikuta ndoo ya maji na fungu kubwa la majani mabichi yaliyokatwa leo.

"Alorudi hulishwa," akasema, akaenda kumshusha Mama.

Kesho nina nati mbili za ekzosi za kukaza, zinalia tangu Hindi. Nitazikaza asubuhi kabla ya jua. Majani bado yako pale getini, na sidhani kama nitayaondoa.