Bwana wa Jiwe na Mdogo Wake

Uingereza, wakati wa baridi

Mama,

Shikamoo. Najua Majura anakusomea haya mmekaa kwenye mkeka upande wa kivulini, nawe umeitikia marahaba kabla hajafika kwenye nukta. Mgongo unasemaje? Na yale magugu maji, bado yanaziba pale mnapochota maji, au upepo umeyasukuma? Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia hata kwenye soksi mbili.

Barua yako niliipata. Kwamba siku ya kuondoa matanga ya baba, baba mdogo na wazee wa ukoo walikaa wakaamua nyumba ya Pasiansi na uwanja wake ni mali yangu mimi mzaliwa wa kwanza, na Majura atafute pa kwenda, labda Kiseke, kabla ya masika. Ukamalizia kwamba wewe huna neno, wote tumelala tumbo moja. Mama, nitasema kweli: nilifurahi. Jioni nzima nilikuwa najenga kichwani, vyumba vya wapangaji nyuma na duka mbele, maana nasikia siku hizi Mwanza kila mtu ni mfanyabiashara. Nilipoikunja barua ndipo nikauona mwandiko. Maneno ya kumtoa Majura ndani ya nyumba aliyaandika Majura mwenyewe, kwa herufi zake zile zinazoinama, wala hakuongeza lake hata moja.

Niliona aibu, lakini aibu yenyewe ilikuwa ndogo. Kesho yake nilikwenda kazini bado naitaka nyumba.

Kazi yangu sijawahi kukueleza vizuri. Nasafisha kanisa la zamani sana, la mawe, ambalo wageni huja kutazama kaburi la bwana mmoja mkubwa aliyekuwa na ngome hapa mamia ya miaka iliyopita. Amechongwa kwa jiwe, amelala chali na upanga wake, mkewe pembeni, mbwa miguuni. Kila asubuhi nampangusa pua. Cheka tu, mama. Umesomesha mtoto aje kumfuta mzungu pua.

Ubavuni mwa kaburi wamechongwa ndugu zake, wamesimama mstari, na chini ya kila mmoja jina lake. Wa mwisho hana jina. Siku hiyo nikamuuliza bibi anayewatembeza wageni.

"Huyu ni nani?"

"Mdogo wake," akasema. "Huyo bwana alikwenda vitani Ufaransa, akakaa miaka. Mdogo wake ndiye aliyebaki kulinda ngome na kumuuguza baba yao. Baba alipokufa, mkubwa akarudi akachukua vyote. Ndiyo ilikuwa sheria yao. Mdogo akapewa farasi."

"Akaenda wapi?"

"Hakuna aliyeandika."

Akaendelea na wageni wake, akiwaonyesha mikunjo ya gauni la mke wa bwana. Mimi nikabaki na kitambaa mkononi.

Mama, nani alimbeba baba mgongoni mpaka zahanati miguu ilipokataa? Nani anakwenda kugombea mapanki, vichwa na mifupa ya sangara, kwenye geti la kiwanda cha samaki, minofu ikishapanda ndege kuja huku niliko, ili mkaange, muuze, mle? Baba alizikwa mimi nikiwa huku, nikatuma pole kama mtu wa pembeni. Na bado mtaa mzima unakuita Mama Bwire. Ukipita sokoni wanalitaja jina langu, na anayekubebea kikapu nyuma yako hatajwi. Hata mimi katika barua zangu nilimweka mwishoni, "na wadogo zangu wote", naye akazisoma kwa sauti. Inaniuma, mama. Naona haya hata kuandika.

Nyumba siitaki. Mwambie baba mdogo hivyo, asidhani ni adabu ya kukataa chakula huku njaa inauma. Nyumba ni ya Majura, nawe ukae humo mpaka uchoke. Nikija nitapiga hodi kama mgeni, nikipewa mkeka sebuleni nitashukuru. Najua kutoa ukiwa mbali ni rahisi, na hakunirudishi kwenye mazishi ya baba. Lakini ndicho nilicho nacho.

Majura, usiruke aya hiyo. Nakujua. Rudi juu umsomee tena.

Nisalimie baba mdogo, ingawa atanuna. Shangazi wa Kisesa na ng'ombe wake anaowapenda kuliko sisi. Dada Nyamisi, na watoto wake. Shemeji yangu, mke wa Majura, mwambie kama ameshaanza kufunga mizigo afungue.

Na yule mzee wa kanisa anayegawa barua, kama alisitasita kabla ya kuitoa hii, akisema mama huyo hamjui, msimlaumu. Juu ya bahasha niliandika Mama Majura.

Mimi mwanao,
Kaka yake Majura