Usilifungue Kwanza Gunia la Mbolea

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Salamu nyingi zikufikie huko Hola. Sisi hapa Likoni tu wazima, na mbuzi wako amezaa pacha. Lakini barua yako imenitia wahaka. Wasema magugu yamelingana na matikiti, kisha waniuliza uongeze mbolea gani. Ngoja kwanza!

Mwaka mmoja kabla ya uhuru, nikiwa msichana, baba alinipa kipande changu cha shamba nipande matikiti, yawe tayari kwa futari ya Ramadhani. Akasafiri. Nami kwa pupa, kabla ya kupalilia, nikamwaga mbolea shamba zima. Wallahi, magugu yalinawiri kuliko matikiti! Kila asubuhi nilifunua majani, nisione tunda.

Siku aliporudi nilishika jembe nifiche aibu yangu.

"Mwanangu!"

"Abee, baba."

"Weka chini. Matikiti yameshatambaa, jembe litakata mizizi."

Akapiga magoti na kanzu yake ya safari, tukang'oa kwa mikono, gugu moja moja. Hakuniuliza mbolea imekwenda wapi. Alikuwa akiishika mkononi, imegeuka magugu ya kijani kibichi.

Ramadhani ilipoingia tulipata matikiti matatu tu. La kwanza alilipasua mwenyewe, akanipa kipande cha katikati, kile kitamu.

Je, gunia lako bado limefungwa? Nijibu upesi, inshallah. Na karatasi ije na alama za vidole vyenye udongo, ndipo nitatulia.

Bibi yako