Ubao Wako Haukuibwa, Mwalimu Gedeon

Musienene, Jumamosi mchana

Mwalimu Gedeon,

Nina jambo la kukuambia na sitalizungusha. Nilimdanganya mama yako. Nilimwambia ubao wako wa magurudumu umeibwa, na haukuibwa. Ulikuwa chini ya kitanda changu, umefungwa katika kikwembe changu, kitenge cha kijani, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya kitanda hicho hicho nikiongea naye kwa simu.

Ni mwezi wa nne tangu tukuzike Beni. Nakuandikia kwenye daftari la maandalizi ya masomo, ili mkurugenzi akipita aone Madame Katungu anafanya kazi ya Serikali hata Jumamosi. Nimekaa kwenye ile sakafu ya saruji ambako zamani watu walianika kahawa, ulikotufundishia. Leo kuna mtu ameanika maharagwe upande wa chini, kwa hiyo tuna nusu ya uwanja. Watoto bado hawajafika.

Sijapata mtu wa kumlalamikia juu ya kifo chako, basi nakulalamikia wewe. Ulishuka Beni kwa ajili ya karatasi zako za mshahara, ukalala kwa yule mwalimu mwenzetu wa mtaa wa Mulekera, ukatuma ujumbe kwamba ni malaria tu, utarudi siku ya soko. Siku ya soko ndiyo tulipigiwa simu. Niliiogopa sana sentensi hiyo, sasa nimeiandika. Njia ya Kisangani ilikuwa imefungwa juma lile, kwa sababu ya vita hii tunayoijua sote, na mama yako hakuweza kuja. Alikuzika kwa simu. Mwenzetu wa Mulekera alinyoosha simu yake juu ya kaburi na tukamsikia mama akiimba, peke yake, kutoka kule. Katikati ya ubeti wa pili mtandao ukapotea. Mchungaji alingoja kidogo, kisha akaendelea na maombi.

Ulipoletwa kwetu kutoka Kisangani tulisema huyu hamalizi muhula. Baridi yetu ilikushinda, ukavaa makoti mawili darasani. Kinande, lugha yetu, ulijua neno moja tu, wasingya, asante, na ulilitumia kusalimia, kuaga, na hata kuomba chumvi mezani. Halafu jioni moja baada ya masomo ukatoa kwenye valizi ule ubao wa magurudumu manne, ukazunguka nao sakafu hii, mikono imelegea, kama mtu anayetembea zake kwenda dukani.

Nami ni mtoto wa mtu wa chukudu. Baba yangu ameteremsha viazi hadi Butembo miaka yote ya utoto wangu kwa kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, goti moja juu, mguu wa pili unasukuma chini. Nilikiendesha mwenyewe kabla sijajua kusoma. Nikakuambia mbele ya walimu wote, lete hapa, hiyo si chukudu isiyo na usukani? Nikashika kingo za ubao, nikaweka goti.

Ulicheka hadi ukakaa chini. "Madame Katungu, simama! Hii hapana chukudu. Unaombea nani?"

Na watoto nao, mmoja baada ya mwingine, wote goti. Hakuna mtoto wa Musienene aliyeukaribia ule ubao kwa mguu. Uliniambia baadaye kwamba Kisangani kote hukuwahi kuona kitu kama hicho.

Nilidhani utatupandisha siku hiyo. Hukutupandisha juma zima. Ulitupeleka kwenye majani ukatuangusha, tukaanguka mbele, tukaanguka nyuma, hadi mama zetu wakauliza shule inafundisha nini siku hizi. "Bega, hapana mukono!" ulipiga kelele. Ulituonyesha namna mkono ulionyooshwa unavyovunjika, na namna bega linavyoviringika likamwacha mtu salama. Halafu ukaweka ubao juu ya majani, mahali magurudumu hayaendi, tukasimama tu. Kukunja magoti kidogo, macho mbele, kushuka, kupanda tena. Nilikuona mtu wa kuchosha sana, nisamehe. Ulimsukuma kila mmoja mgongoni kidogo kidogo ili ujue ni mguu gani unaotangulia kumwokoa, ukauandika kwenye orodha yako.

Tulipofika kwenye saruji kukawa na shida ya mashemasi. Walikuwa wanatazama kutoka barabarani, na mwalimu mwanamke kushikwa mikono na mwalimu mwanamume asiye ndugu yake, unajua mwenyewe. Ndipo ulipoomba kikwembe. Wewe ulishika pembe moja, mimi pembe nyingine, ukanivuta kwa adabu zote kama mbuzi wa mahari. Kila ulipotaka kuniacha ulisema kwanza: "Ninaachilia. Moya, mbili." Mimi nilikuambia watu wengine huachilia kimyakimya ili mwanafunzi asiogope. Ulikataa. Ulisema, "Ukimudanganya mara moja, hatakupatia tena uzito yake."

Hayo uliniambia mimi. Mimi huyu.

Mama yako alipiga juma la tatu baada ya mazishi. Sauti yake inafanana na yako, hukuniambia. "Mwana wangu, miye Mama Gedeon. Nguo yake ilifika. Bitabu ilifika. Na mubao yake, iko wapi?"

Saa ile watoto tisa walikuwa nje ya nyumba yangu wananingoja twende uwanjani. Ubao ni mmoja tu, si hapa tu, nadhani hata Butembo nzima. Na katika wale tisa alikuwapo Kanyere, yule aliyekimbia na shangazi yake kutoka upande wa Mabalako, ambaye darasani kwangu alikuwa hajasema neno tangu mwanzo wa mwaka. Juma lile lile alikuwa amemzuia mtoto mwingine akampigia kelele: "Bega!" Neno lake la kwanza nililolisikia lilikuwa lako. Nilifikiri, nikiutoa ubao huu namtoa na yeye. Nilikuwa na sababu nzuri sana, Mwalimu, na nilizitumia zote.

"Baliiba yo, mama," nikasema, wameuiba.

Akasema haya, akanishukuru kwa kukufanyia mazishi.

Nikaendelea kufundisha. Nilifuata hatua zako zile zile, sikuruka hata moja. Kofia ngumu tuliazima kwa mtu wa pikipiki. Magoti tuliyafunga mpira wa ndani wa tairi. Watoto wanne wakaweza kuzunguka uwanja mzima bila kuanguka, nami jioni nikauficha ubao chini ya kitanda kama mtu anayeficha pombe. Wakipita wageni niliwaambia watoto waufunike. Hawakuuliza kwa nini. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi, jinsi walivyozoea haraka.

Halafu mama akapiga tena.

"Mwana wangu, ule mutu aliiba mubao ya Gedeon. Nimemusamehe. Ninamuombeaka kila asubui. Pengine alikuwa na lazima." Akaniomba tumwombee pamoja, palepale kwenye simu. Basi akaniombea. Aliomba nipate kazi ya halali, na kama nina watoto wasikose chakula, na moyo wangu usiwe mgumu. Aliomba kwa muda mrefu, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Lingala. Nilikuwa natazama miguu ya kitanda. Mwishoni nilisema amina, kwa sauti, kama mwumini mwingine yeyote.

Siku mbili sikula vizuri. Nilijiambia ningoje mwisho wa muhula, nikajiambia Kanyere bado hajaweza kona. Jumatano, saa ya mapumziko, nikaenda nyuma ya darasa la sita nikampigia. Nilimwambia kila kitu bila kusalimia, maana ningesalimia ningerudi nyuma.

Nilisikia jogoo kwake.

"Donc ni weye nilikuwa ninaombea," akasema.

Nikasema ndiyo, mama.

"Ule mubao ni miye nilimununuliaka. Baba yake alikuwa amekufa. Mutoto alikataa kutoka mu nyumba, miezi. Ni ile njo ilimutosha inje." Kisha akasema, "Tuma yo," akakata.

Hukuwahi kuniambia, Mwalimu, kwamba ubao ndio uliokutoa nje. Tumekula pamoja mara ngapi? Nilidhani uliokota kile kitu kwa rafiki, ukapenda mchezo, basi. Nilikaa nyuma ya lile darasa hadi kengele ikalia na ikapita, na mkurugenzi akaingia mwenyewe kuwanyamazisha watoto wangu.

Jioni niliwakusanya nikawaambia ubao unaondoka na kwa nini. Mmoja akauliza, "Madame, ulisema bongo?" Nikamjibu, ndiyo, niliongopa, na ninyi mlikuwa mnanisaidia bila kujua. Walitazamana. Walitaka kuzunguka mara ya mwisho, kila mmoja mara moja, nikakubali. Kanyere alipomaliza zamu yake alikaa chini akafuta magurudumu yote manne kwa upindo wa sketi yake ya shule. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, mbele yao, na sikujificha.

Niliubeba mwenyewe. Pikipiki hadi Butembo, gari hadi Beni, ubao mapajani, na kila abiria akiuliza ni nini nilisema ni mali ya mtu. Nilipita kaburini nikang'oa majani. Hapana, sikuuweka juu ya kaburi, ungenicheka. Niliukabidhi kwa mwenzetu wa Mulekera, ambaye ndugu yake alikuwa anapanda ndege kwenda Kisangani, na nilisimama pale hadi alipoutia kwenye mfuko na kuufunga kamba. Sijiamini tena hivyo.

Yaliyobaki ni haya. Baba alinipeleka kwa fundi wake wa chukudu, nikamchorea. Fundi alisikiliza kwa makini, akauliza maswali mazuri, akachonga ubao wa mkaratusi na magurudumu manne ya mti yaliyovikwa tairi. Nilipokwenda kuuchukua nikakuta katikati amepigilia kipande cha kandambili. Ni cha nini, fundi? "Ya goti, Madame," akasema, akinishangaa. Tuling'oa. Ule ubao ni mzito, unakwenda mbele tu, kona haujui, na kelele yake inawatoa watu dukani. Watoto wawili wamekata tamaa, hawaji tena. Saba wanakuja. Kanyere amekasirika na mimi, ila ameanza kunijibu darasani, kwa hasira, na mimi napokea hivyo hivyo.

Mama yako hakupiga. Juma moja, majuma mawili, matatu. Nilijua ubao umefika, maana mwenzetu aliniambia. Sikuthubutu kupiga mimi. Nilisema moyoni, haki yake.

Jumapili iliyopita nikiwa natoka ibadani simu ikalia.

"Katungu." Hakusema mwana wangu. Alisema jina langu. "Nimeweka mubao mu saluni, juu ya tapis. Nimefunga mulango, bajirani basinione. Niambie. Gedeon alikuwa anatanguliza mguu gani?"

Nilitoka kwenye njia ya watu, nikasimama kando ya ukuta wa kanisa.

"Wa kuume, mama."

"Haya. Na kisha?"

Nikamwambia ubao ukae hapo hapo kwenye zulia la sebule, naye ashike meza. Nikamwambia avue viatu, aweke mguu wa kuume juu ya vichwa vya ile misumari ya mbele inayoshika magurudumu, na asiulete wa pili mpaka ahisi wa kwanza umetulia. Akunje magoti kidogo tu, kwa umri wake. Atazame ukuta, asitazame chini. Nilisikia meza ikilia. Nilisikia pumzi yake. Waumini walikuwa wananipita na Biblia zao, wananisalimia, sikumjibu mtu.

"Niko juu," akasema.

Hakushuka. Nilimwambia apumzike, akasema ngoja. Alikaa pale muda mrefu, mama wa watu, juu ya ubao unaomwinua kipimo cha kiganja tu kutoka chini. Kisha akaniuliza taratibu kabisa: "Toka hapa, ye alikuwa anaona nini?"

Nilifunga macho nikatafuta, kwa sababu sikutaka kumpa kitu kizuri kisichokuwa kweli.

"Alikuwa anatuona sisi, mama," nikasema. "Tunaanguka, tunainuka, na ye anacheka."

Akalia. Nami nikalia. Alikuwa bado amesimama.

Nawaona watoto wanapanda mlima sasa, saba, wawili wameubeba ule mzigo wa fundi. Lala salama, Gedeon, na nisamehe ukiweza. Mama yako nitampigia kila Jumapili baada ya ibada. Ana mengi ya kuuliza juu yako, nami nitamjibu yalivyo, na nisilolijua nitamwambia silijui.

Mwenzako wa kazi,
Katungu