Rada ya Mama Mwende

Jumapili, Zombe.

Si kwamba nilikataa kumsaidia. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba pengine Mama Mwende amelala akidhani nimemnyima.

Mwende namfundisha fizikia, Kidato cha Tatu. Wiki jana niliwaeleza kuhusu chombo cha angani kilicho njiani kwenda kwenye mwezi mmoja wa sayari ya Jupita, kimebeba rada ya kutafuta maji chini ya barafu. Mtoto akapeleka habari nyumbani. Leo baada ya kanisa mama akaningoja langoni, mtungi mtupu mkononi.

"Mwalimu, si uwaombe watuletee hiyo mashine? Ituonyeshe pa kuchimba. Kile kisima cha kwanza kilitoa maji ya chumvi, hata mbuzi wakayakataa."

Nikamweleza. Barafu ya baridi kali huyaacha mawimbi ya rada yapite hadi chini sana, lakini udongo wetu huu wa mfinyanzi huyameza hapo hapo juu. Hata nikiongea nilijisikia kama mtu anayetafuta visingizio.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na huko kuna nani anayeyanywa?"

"Hakuna mtu."

Akaitikia kwa kichwa. "Haya basi, Mwalimu. Ubarikiwe." Akashika njia ya mtoni, kwenda kufukua maji kwenye mchanga kama kila siku.

Kuna jambo moja sikuwa na roho ya kumwambia. Wanaoyatafuta maji ya kule chini ya barafu wanadhani nayo ni ya chumvi.