Kisu cha Harusi ya Paulina na Jiwe la Mama

Mdogo wangu Tluway,

Habari za huko nyumbani Tumati? Baba, mama na bibi wape shikamoo zangu kwanza, kabla sijaanza kugomba. Mgongo wa bibi umetulia? Huku Dar mimi ni mzima, ila joto na vumbi la mashine vinanimaliza kifua.

Nakuandikia karatasi kwa sababu kwenye simu unaitikia "ndiyo kaka, ndiyo kaka", halafu unafanya lako. Picha ya kisu ulichotengenezea harusi ya dada yetu Paulina nimeiona, na nimeichukia. Umekichimba mbavu zote mbili zikabonyea ndani kama ulivyoona kwenye video, kinang'aa kama kioo, makali membamba kama karatasi. Hicho ni pambo. Ndivyo tunavyotengeneza hapa karakanani kuwauzia watalii. Nashinda nikisugua kitu ambacho kikigusa mfupa tu kinamegeka, na bosi anasifu. Kinyaa kitupu.

Tena mama ameniambia umekinolea kwenye jiwe lake la kusagia ulezi. Tluway, una akili kweli? Lile jiwe limebonyea katikati tangu bibi akiwa na nguvu, ukisugua hapo unaviringisha makali. Na unga je? Wakwe waje kunywa togwa yenye vumbi la chuma? Niliposikia nilitema mate. Lisugue kwa mchanga na maji leo hii, na umwombe mama radhi.

Wakwe hao wanatoka Getanuwas, ni wafugaji, wamechuna ng'ombe tangu utoto. Dume la harusi litachunwa mbele yao kwa kisu hicho, na ngozi yake ni ya bibi kulalia, unajua hivyo. Ikitoboka, bibi atalalia matundu na wenzetu watarudi kwao na cha kusimulia.

Basi chukua kipande kingine cha springi ya gari. Kipashe moto, kiache kipoe taratibu ndani ya majivu ili chuma kilainike na tupa ing'ate. Anayeanza hupiga mteremko mmoja tu ulionyooka, kutoka katikati ya ubapa kushuka mpaka kwenye makali, kulia na kushoto sawa. Chora mstari kwa msumari, fuata kwa tupa, mashine usiiguse. Uzuri wake ni kwamba ukinoa, mteremko wenyewe unalala juu ya jiwe bapa na mkono hauyumbi. Ila makali usiyamalize kabla ya kukichoma tena na kukipoza ghafla ili kiwe kigumu. Yaache na unene wa sarafu, la sivyo yatapinda motoni. Hakitapendeza kwenye simu, na mimi sijali.

Harusini siji. Bosi amenikatalia ruhusa, anasema oda ya watalii haisubiri. Siku dada anaolewa nitakuwa hapa napiga msasa takataka zake, na mimi ndiye kaka mkubwa niliyetakiwa kushika kisu kwenye dume hilo. Inaniuma, Tluway. Sasa utashika wewe.

Msalimie mjomba wa kule Nambis aliyetoa dume, na mkeo anayekuvumilia. Mwambie Paulina asiangalie barabarani kunisubiri.

Ngozi ikitoka nzima, iwambe uani, mweke bibi kando yake, unitumie picha. Ya kisu sitaki.

Mimi kaka yako,
Bura