Kondoo Aliyeliwa Driebos

Driebos, 7 Machi 1999

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na kifua cha Mama kimepona. Mimi huku sijambo, ila baridi ya asubuhi inauma masikio na chakula chao hakina ladha: viazi, nyama, viazi tena. Nimeanza kuota mahindi ya kukoboa na maharage ya Mama.

Ama baada ya salamu, habari kubwa ni kwamba Jumamosi kocha Strydom aliniingiza kutoka benchi dakika za mwisho. Jezi ya raga ya mkoa, Baba, mgongoni mwangu. Skramu ya kwanza, vichwa chini na mabega kwa mabega, yule niliyesukumana naye aliniuliza kwa Kiafrikana kama nimepotea njia. Ya pili nilimwingia chini ya mbavu, mgongo umenyooka kama ulivyonifundisha, akanyanyuka miguu ikitafuta ardhi. Hakuuliza tena.

Sasa kuna jambo linanitia kinyaa. Huku mchezaji akianza mechi kwa mara ya kwanza, usiku huohuo anapelekwa baa ya klabu. Anavua suruali, anainama juu ya kiti, na kila mwenzake anampiga kofi la makalio kwa nguvu zake zote, huku wanamwita kavulana, na kila kofi anatakiwa aseme asante. Halafu ananyweshwa bia ndani ya kiatu cha mechi, kiatu chenye matope na jasho, ambacho wote wameshatemea mate. Nahodha wetu, Gawie Lategan, alinisimulia haya huku anatafuna. Anasema yeye alitapika mara mbili, na hapo ndipo alipojua amefika nyumbani.

Nilishindwa kumaliza sahani. Mimi nimekwenda mlimani, nikatahiriwa, nikarudi na blanketi langu la uanaume, mkanipokea kwa nyimbo. Mtu wa kunivua suruali na kuniita kavulana simjui. Nitamwambia Gawie kwamba kwetu haiwezekani.

Msalimie Mama.

Ni mimi mwanao,
Ndoyisile

---

Ntlabeni, 21 Machi 1999

Mwanangu Ndoyisile,

Marahaba. Sisi wazima, goti linasumbua mvua ikikaribia tu. Mama yako anasema kula hivyohivyo, viazi havijaua mtu.

Mechi tuliiangalia dukani kwa Mpumelelo. Ulipoingia, walevi wote wakawa makocha. Nimesukuma skramu nusu ya maisha yangu kwenye uwanja wenye mavi ya ng'ombe, na wenzangu waliokuwa bora kuliko mimi hawakuigusa jezi hiyo kwa sababu ya rangi ya ngozi basi. Wengine wamekufa wakiwa bado wanaitazama. Kwa hiyo usiichezee.

Kuhusu ule ushenzi wa baa, usimwambie nahodha neno. Jambo kama hilo mtu hajisemei mwenyewe. Siku ukioa utajipeleka peke yako ukweni? Una watu wako. Nimeshaongea na baba zako wadogo, Malusi na Tamsanqa. Tutakuja kwa huyo kocha, tutakaa naye, tutamweleza wewe ni nani na nani aliyekufanya mwanamume. Tutakuja na kondoo, ili wakitaka kukupokea wakupokee kwa huyo. Makaburu nao wana baba zao. Wataelewa.

Baba yako

---

Driebos, 9 Aprili 1999

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Mama hajambo?

Nakuomba, msije. Huku hakuna mambo ya kusemewa, kila mtu anajitetea kwa mdomo wake, na anayesemewa na wazee wake anaonekana mtoto. Najua unavyoliona jambo hili na najua uko sahihi, lakini uko sahihi Ntlabeni. Huku watatucheka.

Kocha amesema naanza Jumamosi ijayo, namba tatu, mstari wa mbele. Nitalimaliza mwenyewe na Gawie. Nakusihi, Baba, kondoo abaki zizini.

Mwanao,
Ndoyisile

---

Ntlabeni, 20 Aprili 1999

Mwanangu,

Barua yako ya kutuzuia nimeikuta mezani niliporudi kutoka kwako, kwa hiyo tumeshakosea na tumeshafanikiwa.

Hujambo lakini? Ulitukimbia haraka sana pale uwanjani, hata hatukuongea vizuri. Nikupe habari za mle ofisini, maana hukuwepo. Kocha wako alitukaribisha, tukaletewa chai na biskuti, Tamsanqa akala zote. Malusi akafungua maneno. Kisha nikasimama mimi, nikavua kofia, nikasema: "Sisi ni ukoo wa Jwarha. Tumekuja kwa niaba ya mtu wetu. Mtu huyu ni mwanamume, na tuliomfanya hivyo ni sisi. Mpokeeni kwa kondoo huyu, mikono yenu isimguse." Yule kocha akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Imekwisha, mzee." Nahodha wako alimshusha kondoo kwenye pikapu yeye mwenyewe, hakutaka tusaidie. Kijana ana adabu.

Halafu ile skramu ya kipindi cha pili, mlipowarudisha nyuma mpaka refa akapuliza. Nililia pale jukwaani. Mama yako usimwambie.

Baba yako

---

Ntlabeni, 13 Juni 1999

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, isipokuwa wewe umetutupa. Nimeandika, kimya. Nakuona kwenye televisheni ya Mpumelelo tu, shingo imenenepa, kila Jumamosi unaanza. Nashukuru, lakini televisheni haijibu salamu.

Ile safari yetu imekuwa hadithi. Hakuna msiba ambapo Tamsanqa haisimulii: jinsi wazee wa Ntlabeni walivyoingia ofisini kwa Kaburu na kondoo wakatoka na heshima ya mtoto wao. Watu wa vijiji vya jirani wananiuliza namna ya kuwasemea watoto wao walioko migodini. Mimi natoa ushauri.

Una nini wewe? Usiponijibu nitapanda tena pikapu nije.

Baba yako

---

Driebos, 2 Agosti 1999

Baba,

Usije. Usije tena kabisa. Leo sina salamu, utanisamehe.

Wamemla kondoo wako, Baba, na wamenipiga.

Pikapu yenu haikuwa imefika hata barabara kuu. Gawie aliokota kofia ya mtu, akapanda juu ya benchi la chumba cha kubadilishia nguo, akaanza: "Tumekuja kwa niaba ya mtu wetu." Akawa anagonga ulimi kama anaita kuku, eti ndiyo Kixhosa. Watu wakalala sakafuni kwa kucheka. Kocha Strydom alisimama mlangoni akijifuta machozi. Yeye ndiye aliyemsimulia Gawie kila neno.

Jioni wakamchoma. Walikula kwa mikono mpaka mifupa, mafuta yakiwachuruzika viwikoni. Gawie akanikatia paja, akasema, "Kula, kavulana, baba yako amekulipia." Kisha akavuta kiti katikati ya baa.

Niliinama. Ungependa kusikia kwamba walinishika wakiwa kumi, lakini hakuna aliyenishika. Niliangalia mlango, ulikuwa wazi. Niliwaza kwamba nikitoka, Jumatatu jezi ataivaa mwingine. Nikakuwaza wewe, maana nilikuona ulipokuwa unalia jukwaani, ukidhani huonekani. Nikafungua mkanda. Nikasema asante kwa kila kofi, nikanywa, kiatu chenyewe kilikuwa changu. Mikono yao ilikuwa na mafuta ya yule kondoo na yaliniganda ngozini. Nilioga mpaka maji ya moto yakaisha na bado nilikuwa nanuka. Hadi leo nikisikia harufu ya kondoo natoka nje.

Haikuishia hapo. Maneno yako yamekuwa mchezo wa timu. Tukishinda, mtu anavaa kofia, anapanda juu ya benchi, anawasemea watu wake. Wanaokuigiza vizuri wananunuliwa bia. Na mimi nacheka nao, Baba. Nacheka ili yaishe haraka.

Sasa wanataka kunipa mkataba wa miaka miwili. Tunasaini Jumatatu ya tarehe 6 Septemba. Jumamosi kabla ya hapo anaanza mchezaji mpya, Akhona Mbuqe, atakayesukuma bega kwa bega na mimi. Ni Mxhosa, amekwenda mlimani, kwao si mbali na kwetu. Desturi yao ni kwamba kofi la kwanza linapigwa na aliyemtangulia kuingia mstari wa mbele. Huyo ni mimi. Gawie ameshaniambia, "Asiyepiga si mwenzetu, na asiye mwenzetu hasaini."

Ukiniambia nikae, nitakaa. Ukiniambia nirudi, nitarudi. Unasemaje?

Ndoyisile

---

Ntlabeni, 29 Agosti 1999

Ndoyisile,

Nimesoma barua yako nyuma ya zizi. Nikatapika. Kisha nikaisoma tena.

Nimekula viapo na watu wa kila namna katika maisha yangu, wezi wa mifugo wakiwemo. Mwizi wa mifugo ukila naye mnyama wa mapatano, hakugusi tena. Hawa wamekula wakamaliza, wakajipangusa mikono kwenye mwili wa mtoto wangu. Yule kocha alinishika kwa mikono miwili, nami nikasafiri na mkono huo ulioshikwa mpaka nyumbani, nikamshikia Mama yako uso.

Na wewe pia. Mlango ulikuwa wazi, umeandika kwa mkono wako. Sijui nikae wapi na maneno hayo. Baba zako wadogo sijawaambia. Jana tulikuwa kwenye msiba, Tamsanqa akaisimulia tena, watu wakanigeukia, nikatikisa kichwa kama mpumbavu. Miezi minne umeniacha nishauri wazazi wa watu.

Unaniuliza nasemaje. Lile la kwanza hukuniuliza. Hili la pili sitakuamulia. Nikikuambia rudi, utasema nilikunyima riziki. Nikikuambia kaa, nitakuwa nimekushika mkono umpige mtoto wa Mbuqe. Nilivyoitaka jezi ile, niliitaka kuliko ulivyoitaka wewe, na hilo linanichefua kuliko Makaburu wote. Usiniombe ushauri wa jezi.

Mama yako hajui. Anakusalimu.

Baba yako

---

Driebos, 7 Septemba 1999

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama. Mimi ni mzima wa mwili.

Jumamosi tulishinda, na Akhona alicheza vizuri kuliko nilivyocheza mimi siku yangu. Ana miaka ishirini na mmoja, mchangamfu, anapenda kusimulia habari za mama yake. Asubuhi nilimvuta pembeni nikamwambia yatakayotokea usiku. Akasema, "Nimesikia, kaka," akaendelea kufunga kamba za viatu.

Baa ilijaa. Gawie akavuta kiti, akaniita mbele, "Haya, mzee wa mstari, fungua kazi." Nikaenda. Nikavua kofia yangu nikaishika kifuani, nikasema, "Tumekuja kwa niaba ya mtu wetu."

Baba, baa nzima ilipasuka. Walidhani ni zamu yangu ya kukuigiza. Mtu akanirushia bia. Strydom aligonga meza, akasema hii ndiyo bora ya msimu wote. Nikaendelea. Sikugonga ulimi, sikujikunja. Nilisema kama ulivyosema wewe: mtu huyu ni mwanamume, anao waliomfanya hivyo, mikono yenu isimguse. Kicheko kikaanza kupungua, kwanza wa mbele, kisha wa kaunta. Mwisho alibaki mmoja anacheka peke yake kule nyuma, naye akanyamaza.

Gawie akasema, "Imetosha. Piga."

Nikamwambia, "Sipigi. Na nyinyi hampigi."

Hapo ndipo Akhona akanigeukia. Alinisemesha kwa Kixhosa, polepole, wasielewe. "Kaka, nani amekutuma? Kwetu hakuna aliyekutuma. Mama yangu anategemea mshahara huu. Kaa chini, unaniharibia."

Akafungua mkanda mwenyewe. Akainama, uso akautazamisha ukutani. Gawie ndiye aliyepiga la kwanza, kwa zamu yangu, na Akhona akasema asante. Sauti ile naijua. Niliisikia ikitoka kooni mwangu mwezi wa nne. Sikumchukia yeye, lakini nikatoka nje. Mlango ulikuwa wazi kama siku ile, na hakuna aliyenizuia. Niliwasikia wakihesabu mpaka nilipovuka uwanja.

Jana Strydom aliniita ofisini. Alikuwa mpole. Alisema mimi nina nguvu lakini si mtu wa timu, na mkataba wamempa mwingine. Akaninyooshea mkono. Wangu ulibaki mfukoni. Jezi nimeitupa kwenye kapu la nguo chafu, pamoja na zao.

Nafika Ijumaa kwa basi. Waambie baba zangu wadogo kabla sijafika, waambie yote, na la kiti waambie, na la mlango. Sitaki Tamsanqa asimulie tena nikiwa nimekaa naye. Kama watataka kucheka au kutema mate, wamalize kabla.

Msichinje kitu. Nikiingia nyumbani nataka chai tu, na nikae upande wa wanaume, kama bado mnanipa nafasi.

Mwanao,
Ndoyisile