Ndege ya Baba Kwenye Kompyuta ya Nasser

Tandika, Temeke,
Dar es Salaam.
14 Novemba 1998

Mpendwa Dada Rukaiya,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Azan na watoto, na kwamba joto la Maskati limepungua kidogo. Mguu wako uliokuwa ukikusumbua unaendeleaje? Usiniambie bado unapanda zile ngazi zenu na ndoo mkononi. Nakujua, hukubali kukaa kitako.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Barabara ya mtaani kwetu haijapona tangu mvua za Elinino, tunaruka mashimo kama watoto wanaoruka kamba. Shangazi Zuena amehamia shambani kwake Chamazi, anasema mjini kelele zimemshinda, lakini kila wiki yuko hapa kusaka habari. Ramadhani inakaribia na bei zimeshaanza kujipandisha zenyewe.

Najua umeshaanza kuruka mistari utafute habari za macho ya baba, basi nisikuzungushe. Tulimpeleka kwa daktari mara baada ya masika. Daktari hakuficha: ni presha ya macho, jicho la kushoto limekwisha kabisa, la kulia linakwenda, na matone yanachelewesha tu. Kilichopotea hakirudi. Baba alisikiliza, akashukuru, akaomba arudishwe nyumbani akale. Jioni ndipo aliponiita na kuniambia kuna kitu kimoja anatamani akione kabla giza halijamfunika. Nilidhani atasema Makka, au wewe. Usinune, Dada, na wewe alikutaja, ila ulikuwa wa pili. Ya kwanza ilikuwa ndege.

Unamjua baba. Miaka yote hii tunajua tu kwamba alikwenda Burma na Keya, jeshi la Mwingereza, akiwa kijana, akarudi, akafungua genge lake. Ukimuuliza habari za vita anakuuliza kama umekula. Siku ile akazungumza. Alisema walikaa ndani ya msitu, mvua hainyamazi, njia zimegeuka tope, na chakula chao kilikuwa kikishushwa kutoka angani na ndege yenye injini mbili za mapanga. Alisema bila ndege ile mimi na wewe tusingezaliwa. Tangu arudi hakuwahi kuiona tena, hata kwenye picha. Alitaka aione mara moja tu.

Sasa nikupe habari za mdogo wetu Khalfani, maana ulimwacha anachora mabango. Yale mabango ya gereji na saluni ameyaacha, siku hizi anafanya kazi kwa Nasser, mtoto wa yule mwenye duka la vitambaa. Nasser amefungua duka la kupiga chapa na kutoa kopi karibu na soko, na ameleta kompyuta kutoka Dubai. Khalfani anatengenezea humo kadi za harusi. Hatumii brashi. Anashika kidude kinachoitwa mausi, anakisugua juu ya meza, na rangi inatokea upande wa pili kwenye kioo. Siku ya kwanza nilipoona nilisema astaghfirullah, Nasser akanicheka mpaka akatoka nje.

Khalfani alianza kwa kumchorea baba ndege kwenye karatasi. Baba aliigeuza huku na huku, akaipeleka dirishani, mwisho akasema haoni ila ukungu. Mdogo wako alitoka akaenda kukaa uani, na sikumfuata. Ni Nasser aliyesema tumpeleke mzee dukani, kwa sababu picha ya kwenye kioo ina mwanga wake yenyewe na unaweza kuivuta ikawa kubwa upendavyo. Basi Ijumaa moja baada ya swala, duka likiwa limefungwa, nikamshika baba mkono tukaenda. Khalfani akaweka mstari mmoja tu mweusi, mgongo wa ndege. Baba akakiinamia kioo. "Naona," akasema. Kisha tena, kwa sauti ya juu, "Wanangu, mie naona!" Nililia pale pale, na Nasser akajifanya anapanga karatasi.

Tangu siku ile kila Ijumaa ikawa kazi ni hiyo. Mimi nabeba chai na kashata, baba anakaa mbele ya kioo, Khalfani anachora kama anavyoelekezwa.

Dada, sijui nikueleze vipi nilichokiona. Ile picha imejengwa kwa vimraba vidogo mno. Khalfani akiivuta karibu, bawa zima linageuka vigae vya rangi, kama sakafu ya bafuni kwako: kijivu, kijani cha tope, hata zambarau, ambayo kamwe usingeamini kuwa imo kwenye ndege. Anabadilisha kigae kimoja, anakitazama, anabadilisha cha jirani yake. Wiki nzima anaweza kuimalizia kwenye injini moja. Halafu anairudisha mbali, vigae vyote vinapotea, linabaki bawa la chuma lililolowa mvua, mpaka unatamani ulifute na kanga. Mdogo wetu huyu, Dada, aliyekuwa akisahau viatu msikitini! Nilimtazama mikono nikajiuliza Mungu aliificha wapi kazi hii miaka yote.

Si kwamba ilikwenda laini. Umeme ulikatika kabla hajahifadhi, na bawa la kushoto likaondoka nao, akalianza upya. Na ndege ya kwanza aliyoimaliza baba aliikataa. Ilikuwa inang'aa kila mahali, wala haina doa. Baba aliitazama, akauliza, "Hii inakwenda kuoa wapi?"

Hilo ni kosa la wachora mabango wetu. Mteja wa Temeke ana pikapu imeoza milango, lakini kwenye bango anataka iwe mpya kama imetoka melini leo. Ukimchorea kutu yake anakufukuza. Khalfani amelelewa hivyo, akabisha: "Baba, mie kazi chafu sikabidhi." Nasser akamwambia, "Braza, paka uchafu, aliyekuwepo ni mzee." Basi akaanza kujifunza kuchafua, na kuchafua ndiko kulikomtoa jasho zaidi. Baba anaelekeza kwa kidole: hapa moshi wa injini ulilamba bawa mpaka nyuma, hapa mafuta yalivuja, hapa mlangoni rangi imekwanguka kwa kusuguliwa na magunia. Kila doa lilipoongezeka, ndege ilizidi kuwa nzito na ya kweli. Ilifika mahali nikawa nasikia kama inanguruma.

Lakini huku picha inakamilika, jicho nalo linakwenda. Mwanzoni baba alikuwa akiona akiwa kwenye kiti. Baadaye ikabidi asogee. Mwezi uliopita pua ilikuwa inagusa kioo. Khalfani akaacha kula mchana ili apate muda.

Hapo ndipo baba alipouliza, "Nani anaiendesha?"

Unakumbuka marehemu babu alivyokuwa mkali juu ya kuchora kitu chenye roho. Mwalimu mzima wa madrasa, mjukuu wake anachora paka ukutani! Tangu zile bakora Khalfani hakuchora tena kiumbe. Hata mabango ya saluni alikuwa akichora kichwa kwa nyuma, misuko mitupu, na akina mama wakayazoea wakadhani ndiyo fasheni. Sasa ndege inaruka na kioo cha mbele ni kitupu, kama inaendeshwa na majini. Nilimwambia babu ameshatangulia mbele ya haki, hakuna wa kumchapa. Akanijibu, "Dada Somoe, siyo woga. Mkono wenyewe unakataa."

Akatafuta njia. Alikijaza kioo cha mbele mwanga wa mawingu, ule weupe wa jua linapochungulia baada ya mvua, kiasi kwamba huwezi kuona ndani na huulizi. Sijapata kuona mwanga uliochorwa ukaniumiza macho. Baba akaridhika. Kisha akasema, "Na mlangoni je? Mlangoni walikuwepo watu wakisukuma magunia."

"Baba, sura zao siziwezi," Khalfani akamwambia.

"Nani kakwambia sura? Sie tuko chini, wao wako juu. Sura zao hatujaziona hata siku moja. Tuliona mikono."

Khalfani akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Ili aichore sawasawa, ilibidi aone mikono inayosukuma. Tukaazima gunia la mchele duka la jirani, Nasser akasimama mlangoni kwake analisukuma nje, Khalfani amechuchumaa barabarani anamtazama kutoka chini. Watu wakajaa, wanamuuliza Nasser kama amebadilisha biashara. Akasukuma tu, kanzu imelowa. Huyu kijana ana moyo, nami nakuambia mapema, kama kuna binti unayemtafutia mchumba, usitazame mbali.

Ijumaa iliyopita ilikuwa tayari. Khalfani akaifungua ikajaa kioo kizima: msitu chini, mvua, ndege imeinamia upande mmoja, mlango wazi mweusi, na kwenye weusi ule mikono miwili juu ya gunia. Baba akasogea, akaanza mkiani, akaja polepole, anaipitishia jicho kama mtu anayesoma. Alipofika mlangoni akasimama.

Ghafla akanikamata mkono, akanivuta nyuma kwa nguvu ambayo sijui aliitoa wapi, kiti kikaanguka. "Toka chini!" akapiga kelele. "Ngoja wamalize! Hawajamaliza!"

Ilichukua muda akatulia, nikamwekea kiti. Ndipo akatuambia habari za rafiki yake Polikarpo, kijana wa Mahenge, walikula sahani moja tangu walipoandikishwa. Magunia yale hayakuwa na miavuli, yalitupwa hivyo hivyo, na amri ilikuwa kila mtu akae chini ya miti mpaka ndege imalize mizunguko yake. Walikuwa na njaa ya siku nyingi. Gunia la kwanza lilipasuka, mchele ukatawanyika, Polikarpo akatoka mbio. Baba alimwita, ngurumo ya injini ikaimeza sauti. La pili likamwangukia.

"Alikuwa karibu yangu kama ulivyo wewe," baba akaniambia. "Nilipiga kelele tu. Mkono sikuunyoosha."

Khalfani akamuuliza kama aifute ile mikono ya mlangoni. Baba akasema aiache, wale ndio waliokuwa wakiwalisha. Akaendelea kuitazama ndege, mkono wake umeshika wangu, na hakuniachia mpaka Nasser alipozima kompyuta.

Nimekuwekea humu nakala iliyochapwa. Rangi zimegeuka buluu kidogo, mashine ya Nasser si nzuri, na Khalfani ana aibu nayo, lakini ishike mbali kidogo na uso utaona. Mwambie mwanao Khulud asiishike na mikono ya mafuta.

Shemeji Azan mpe salamu zangu nyingi, na Najma mwambie mama yake mdogo bado anamdai picha ya skuli. Khalfani na Shangazi Zuena wanakusalimu sana. Nasser naye kasema nisimsahau. Mungu awalinde, awape afya na riziki, na atukutanishe tukiwa hai.

Baba anakuombea dua kila baada ya swala, nami namsikia akilitaja jina lako. Ukipata nafasi piga simu dukani kwa Nasser siku ya Ijumaa, nitakuwa nimempeleka, anapenda kukaa pale hata sasa. Juzi asubuhi alinishika bega, akaniuliza kwa upole kama kumekucha. Jua lilikuwa limejaa uani, nguo nimeshaanika. Nikamwambia kumekucha, baba. Akasema alhamdulillahi, ile ndege niliiwahi.

Mdogo wako akupendaye siku zote,

Somoe